Eksirei ya Dada Staa na Madaktari wa Kwenye Komenti

Wadau, jina silitaji, mnamjua. Yule dada wa bongo muvi aliyepata ajali ya gari, akapigwa eksirei ya kifua na ya mkono, halafu wiki mbili mbele akagundua ana ujauzito. Alisema mwenyewe laivu huku analia. Basi komenti zilizofuata, mmh! Wapo waliomshauri aitoe mapema kabla hajazaa mtoto asiye na kichwa. Mwingine, tena ana wafuasi kibao, akamwambia hata akiitoa hii, watoto wake wote wajao wameshaharibika kwa sababu mionzi imeingia kwenye damu.

Jamani. Mionzi ya eksirei haikai kwenye damu. Ni kama taa, ukizima swichi imeisha.

Sasa tuje kwenye namba. Mionzi inayomfikia mtoto tumboni hupimwa kwa miligrei. Chini ya miligrei 100, wataalamu hawajaona kwamba mtoto anazaliwa na ulemavu kwa sababu ya mionzi. Eksirei moja ya kifua inampa mtoto chini ya 0.01. Piga hesabu mwenyewe: zinatakiwa zaidi ya eksirei 10,000 ndiyo ufike hapo. Hiyo ya mkono ndiyo kabisa, mkono na tumbo wapi na wapi.

Sisemi ni maji ya kunywa. Miaka ya 1950 kule Uingereza daktari mmoja mwanamke, Alice Stewart, aliwauliza akina mama ambao watoto wao walikufa kwa saratani. Akakuta wengi zaidi walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito, ukilinganisha na akina mama wengine. Wakubwa wa fani walimbishia miaka na miaka. Kwa hiyo ukiulizwa pale chumba cha eksirei kama una mimba, usinune, swali lina historia yake. Lakini saratani ya utotoni yenyewe ni adimu, hata hatari ikiongezeka kidogo bado watoto wengi mno wanabaki salama.

Hiyo stori ya kichwa nayo ina chanzo. Hiroshima na Nagasaki, 1945. Watoto waliokuwa tumboni, hasa mimba za wiki 8 hadi 15, ambao mama zao walikuwa karibu na bomu, baadhi walizaliwa na vichwa vidogo na akili zilizodumaa. Hilo ni bomu la atomiki, siyo mashine ya hospitali.

Na watoto waliotungwa baadaye, wazazi wakiwa wameshapona? Watafiti wamewafuatilia makumi ya maelfu na hawakukuta magonjwa ya kurithi yameongezeka. Ila mtaa haukusubiri utafiti. Walionusurika, na hata watoto wao, walikuwa wanakataliwa kwenye ndoa. Umbea ni umbea tu, hata Japani upo.

Kinachoniuma zaidi ni Ugiriki. Kinu cha Chernobyl kililipuka Aprili 1986, mbali kabisa na kwao, na mionzi iliyowafikia ilikuwa kidogo. Hofu ndiyo iliwafikia nzima nzima. Watafiti walikadiria mimba kama 2,500 zilitolewa, mimba ambazo wenyewe walikuwa wanazitaka.

Binamu yangu wa Mbagala nusura aingie kwenye hesabu kama hiyo. Alikuwa ameshanunua vidonge duka la dawa baada ya mama mwenye nyumba kumtisha. Nesi mmoja jirani akamwambia rudi na ile karatasi ya kipimo, muulize daktari ulipigwa wapi na mara ngapi. Jibu lilichukua dakika tano. Siti skani ya nyonga ingekuwa mazungumzo marefu zaidi, maana mionzi yake ni mingi, ila nayo kwa kawaida haifiki 100. Altrasaundi haina mionzi hiyo kabisa, maana najua kuna watu wanaiogopa.

Dada staa hajaposti kitu tangu Jumapili. Mara ya mwisho alifuta picha zote za ule mkono wenye plasta gumu.

Kama unafanya kazi chumba cha eksirei, hebu tiririka hapo chini: akina dada wakirudi na swali hili huwa mnawajibu nini? Wa matusi nafuta.