Nilimfuata Mume Wangu Marekani, Nikajisahau

Ukisikia mtu kaenda Marekani, unafikiria magorofa ya New York. Mimi mwenzenu, Agosti 2016 nilijikuta Bloomington, Indiana, mji mdogo ambao hata mama yangu alishindwa kulitamka jina lake. Mume wangu alikuwa anaanza masomo ya shahada ya uzamivu. Nikaacha kazi yangu ya benki Dar, nikafunga mizigo. Mapenzi, jamani!

Kwa kweli mji ni mzuri. Ndio makao makuu ya kaunti ya Monroe, na juu ya jengo la mahakama pale katikati kuna samaki wa kuonyesha upepo unakoelekea, wakati bahari iko mbali kabisa! Chuo Kikuu cha Indiana, kilichoanzishwa 1820, kimejaa majengo ya mawe ya chokaa. Mawe ya ukanda huo ndiyo yalitumika hata kujenga Empire State Building. Mtaa wa Vinegar Hill una nyumba za zamani zenye nakshi za mawe ambazo ungependa kupiga picha kila mlango.

Lakini uzuri wa mji haukujazi moyo. Viza yangu ya mke wa mwanafunzi haikuniruhusu kuajiriwa. Asubuhi mwenzangu anabeba begi, mimi nabaki na vyombo. Mimi niliyekuwa nawaidhinishia watu mikopo, sasa naomba hela ya mafuta ya nywele. Jioni akirudi ananiuliza, "Leo umefanya nini?" Swali dogo, ila lilinichoma. Tukaanza kununiana. Ilipofika Januari, theluji nje na baridi ndani, nilikuwa nimeshaulizia nauli ya kurudi bila kumwambia.

Jumamosi moja, baada ya ugomvi, nilitoka peke yangu nikaingia Wylie House. Ni nyumba ya matofali iliyojengwa 1835 na Andrew Wylie, rais wa kwanza wa chuo kile, na leo ni makumbusho. Alitoka Pennsylvania 1829 kuja kushika kazi hiyo, na mkewe Margaret akaja naye. Walizaa watoto 12. Nilizunguka vyumba vyote. Nilipotoka nilijua mume alikuwa nani, alisoma nini, aliongoza nini. Kuhusu mke, nilichokumbuka ni idadi ya watoto tu. Nikalia pale barabarani, machozi ya moto kwenye baridi ile.

Nilipofika nyumbani sikupiga kelele. Nilisema, "Mume wangu, mimi huku napotea."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani unapumzika. Na kila ukiniomba hela naona aibu, kwa sababu yenyewe haitoshi."

Kumbe! Miezi mitano tunalala kitanda kimoja, kila mtu na siri yake. Tulikunywa chai mpaka usiku wa manane. Tukakubaliana hela iwe ya wote, hakuna kuombana. Na mwaka wa masomo ukiisha, nirudi Dar kazini, yeye amalize.

Mei 2017 nikarudi. Shangazi zangu walinisema: mwanamke gani anamwacha mume ughaibuni? Kazi yangu ya zamani ilishachukuliwa, nikaanza chini kwenye benki nyingine. Simu zetu zilipishana kwa saa saba, na nane wakati wa baridi kule. Haikuwa rahisi, na sitakudanganya kwamba hatukugombana tena. Ila alimaliza 2021, akarudi, na leo tunaishi wote Dar.

Basi nawe unayejiandaa kumfuata mwenzio, iwe Indiana au Mwanza, kabla ya kufunga begi muulizane: wewe utakuwa nani huko? Kumfuata mtu si sawa na kuongozana naye.