Sindano na Sahani: Alasiri ya Santuri Mji wa Kale

Mwenye kuingia Mji wa Kale wa Mombasa akaiacha nyuma ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huifuata Ndia Kuu baina ya milango ya nakshi na roshani za mbao, akaupita Msikiti wa Mandhry, kisha akaingia katika vichochoro ambavyo havipitiki na gari. Huko ndani, katika nyumba moja yenye ua mpana, wapenzi wa santuri hukutana alasiri za Jumapili. Si chama, wala hawana mwenyekiti wala daftari la ada. Kila mmoja huja na mashine yake au na sahani zake, wakanywa kahawa chungu kwa kaimati, wakasikiliza, wakabishana. Wanaume hukaa uani, na kina mama hukaa ukumbini, mlango ukiwa wazi ili sauti iwafikie sawasawa.

Nilialikwa huko kwa sababu miongoni mwa sahani zao mna za Qur'ani. Ama zile za taarabu, wanazuoni wametofautiana juu ya ala, na kila msomaji anajua pa kwenda kuuliza. Ninayotaka kuyasimulia ni mambo ya mashine na sahani, na amana iliyomo ndani yake.

Siku hiyo mashine zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa gramafoni ya kamani, isiyohitaji umeme, hutiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani. Ya pili ilikuwa kabati kubwa la Kiingereza lenye redio juu na kinanda cha Garrard ndani, kile kinachoweza kubeba sahani kadhaa kwa mpigo na kuziangusha moja baada ya moja. Ya tatu ilinunuliwa Jidda na haji mmoja zamani. Ya nne ilikuwa Technics SL-1200 ya Kijapani, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, nayo ni mali ya kijana afanyaye kazi bandarini.

Walianza kwa kupiga sahani moja juu ya mashine tatu za umeme, ili masikio yahukumu. Sahani yenyewe ilikuwa ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye usomaji wake ndio msahafu kamili wa kwanza kutolewa kwa santuri, huko Misri, mwaka 1961. Kabati la Kiingereza lilitoa sauti nene na ya upole. Ile ya Kijapani ilitoa kila herufi kutoka katika makhraji yake, hata pumzi ya msomaji ikasikika baina ya aya na aya. Ilipofika zamu ya mashine ya Jidda, watu walitazamana. Sauti ilikuwa imelala. Madda zilirefuka kupita haki yake, na ghunna zikavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Mmoja alisema sindano imekwisha. Wa pili akasema mota imezeeka. Mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa umeme hakusema neno. Alibandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia lizungukalo, akatoa saa yake, akahesabu. Katika dakika moja sinia lilizunguka mara 28 tu, na haki yake ni 33 na kidogo. Kisha akaeleza: umeme wa Saudia hutetema mara 60 kwa sekunde, na wetu mara 50. Mota ya aina hiyo hufuata mtetemo wa umeme, haifuati nguvu yake. Ukiileta Mombasa itazunguka pole kwa sehemu moja katika sita, hata ukiipa transfoma nzuri namna gani. Dawa yake ni kubadilisha kigurudumu kidogo kinachovuta mkanda. Familia iliyoletewa mashine kutoka Saudia au Marekani, ikaiona inaimba kwa usingizi, isiharakishe kuitupa.

Hapo ndipo kina mama walipomleta bibi mmoja, umri wake umepita miaka themanini, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa na sahani moja iliyofungwa ndani ya kanga. Ilikuwa ya zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika, zichukuazo kama dakika tatu kila upande. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imechujuka hata haisomeki, na ufa ulikuwa umeanza ukingoni ukaingia kwa upana wa vidole viwili.

"Wanangu," alisema, "mwimbaji simtaki. Babangu alikuwa akipiga fidla katika kundi hili. Katikati ya wimbo anamwambia mwimbaji maneno mawili. Nataka kumsikia babangu."

Watu wote wakamtazama mwenye gramafoni ya kamani, kwa kuwa mashine yake ndiyo rika la sahani ile. Technics ile haina mwendo wa 78, na kabati la Kiingereza, japokuwa mwendo huo linao, mkono wake ulikuwa hautulii tena. Mzee yule aliinuka, akafungua kifuniko, akatia ufunguo. Halafu akasimama, kiganja chake kikiwa juu ya sahani, akiupapasa ule ufa.

Hapa yafaa nieleze kilichomzuia. Sahani za kale si za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa vidudu wa mitini huko Bara Hindi, ndugu ya lakiri tuliyokuwa tukipigia muhuri, ukachanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa ili uisage sindano ya chuma ikae sawa na mfuo, na ndiyo maana sindano ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Lakini chuma nacho huisaga sahani. Kichwa cha gramafoni huilalia sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, hali mkono wa mashine za baadaye huigusa kwa gramu mbili au tatu. Kila mara sahani ya kale ipigwapo kwa gramafoni, kuna kitu kinachoondoka juu yake ambacho hakirudi. Na ikiwa na ufa, huenda kikaondoka chote.

"Mama," mzee akasema, "mashine yangu itakupa sauti ya babako leo, na yumkini ikakunyima kesho." Akafunga kifuniko. Nami nilijua jinsi anavyojivunia mashine ile, na jinsi alivyoingoja siku ambayo itahitajiwa.

Kijana wa bandarini ndiye aliyeleta njia. Alikuwa na sindano pana, kwani mfuo wa sahani za kale ni mpana karibu mara tatu kuliko ule wa sahani za plastiki, na sindano ya kawaida hutumbukia chini ikakwaruza vumbi. Alipendekeza sahani ipigwe juu ya Technics kwa mwendo wa 45, pole pole, ili sindano iupande ule ufa kwa upole, sauti inaswe katika kompyuta, kisha kompyuta iharakishe mwendo hadi 78. Ila alimweleza bibi waziwazi kwamba kwa wakati huo hatasikia lolote la maana.

"Nimengoja miaka arubaini, mwanangu," bibi akajibu. "Nitashindwa kungoja Magharibi?"

Ikapigwa. Kwa dakika tano hivi ua mzima ulijaa ngurumo kama za mtu anayekoroma chini ya kisima, na kila mzunguko ufa ukigonga: tak, tak. Watoto walicheka wakanyamazishwa. Bibi hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mkono mwembamba ukipanda na kushuka, kama mtu atazamaye mashua ikivuka mlango wa bahari.

Tuliporudi msikitini, kijana alikuwa amemaliza. Sauti ilitoka safi kuliko tulivyotarajia, fidla mbele, udi nyuma yake, na ule mgongo wa ufa ukaendelea kugonga kwa mbali. Baada ya ubeti wa pili, sauti ya mwanamume ikasema kwa furaha: "Haya, mwanangu!" Basi. Bibi aliinamisha kichwa. Akaomba irudiwe, ikarudiwa. Akaomba tena, na tena, mara sita, na sahani yenyewe imekwisha kurudi ndani ya kanga yake, haiguswi na chochote.

Ndugu msomaji, nimesikia mabishano mengi kuhusu mashine ipi iliyo bora, na alasiri ile hayakukosekana: vali au transista, mkanda au mota iliyoungwa moja kwa moja na sinia. Lakini mzee aliyefunga kifuniko chake alitupa kipimo ambacho hakimo katika mabishano hayo, nacho ni kuuliza mashine itaiacha sahani katika hali gani.

Na jambo hili si dogo. Sheikh Muhammad Rifat wa Misri, aliyeifungua redio ya Kairo kwa kisomo chake mwaka 1934, alifariki mwaka 1950, na sehemu kubwa ya sauti yake tuliyobakiwa nayo ilihifadhiwa na wapenzi wake waliokuwa wakinasa matangazo katika sahani majumbani mwao. Pwani yetu nayo ina zake. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na baadaye hapa Mombasa duka la Assanand likatoa sahani ndogo za 45 zenye nembo ya Mzuri. Nyingi kati ya hizo leo zimo chini ya vitanda, na wenyewe wanapofariki warithi huziuza kwa kilo au huzitupa pamoja na magazeti.

Basi aliye nazo nyumbani na azitazame wiki hii. Azisimamishe wima kama vitabu, asizilaze zikabebana. Aziondoe penye jua na penye mvuke wa jikoni. Za kale za shelaki zisifutwe kwa spiriti, kwani spiriti huziyeyusha. Kitambaa laini chenye maji kidogo chatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati. Asizipige kwa mashine aliyoikuta tu sokoni. Na kabla ya kumwita mnunuzi, awaite wazee wa nyumba, awaulize ni sauti za nani zilizomo.