Alama ndogo inayoharibu picha ya mhami

Mama aliyekimbia vita Kivu ya Kaskazini bila kitambulisho anaweza kubaki na ushahidi mmoja tu: picha aliyopigwa siku ya kuandikishwa. Picha mpya ikiwekwa vibaya juu ya ile ya zamani, siku ya kugawa chakula uso wake hauonekani, naye anatolewa kwenye mstari.

Kompyuta haioni uso. Inaona namba, kuanzia 0 hadi 255. Namba 39 ni ile alama ya juu iliyo katika jina N'Sele. Katika lugha ya SQL, alama hiyo hufunga maneno. Mtunza orodha akichomeka picha ndani ya amri ya UPDATE, hifadhidata ikikuta 39 inadhani maneno yameisha. Mara nyingi inakataa amri yote. Namba 0 ni hatari zaidi: programu nyingine huiona kuwa mwisho, zikaweka nusu ya picha bila kulalamika.

Wanaoijua kazi wanaandika amri yenye nafasi tupu, kisha wanatuma picha peke yake, isisomwe kama amri. Ikilazimika kukaa ndani ya amri, kila namba inaandikwa kwa alama mbili, kwa hesabu ya kumi na sita: 39 inakuwa 27, na picha ya JPEG inaanza na FFD8.

Halafu wanaifungua tena na kuhesabu: baiti zilizoingia zilingane na zinazotoka. Huenda mama huyo hana picha nyingine ya kuleta.