Msomaji wa Santuri

Santuri ni sauti iliyoandikwa katika mfuo, na sindano ndiyo msomaji wake. Msomaji mbaya huchana kitabu. Sindano iliyochakaa huula mfuo, na sauti iliyoliwa hairudi. Hapa Arusha hatari hii ina msaidizi. Vumbi la kiangazi chini ya Mlima Meru lina asili ya majivu ya volkeno: laini machoni, lakini hukwaruza.

Mashine yangu ni Technics SL-1200, aina iliyoanza kuuzwa na Wajapani mwaka 1972. Haina mkanda. Sahani yake hukaa juu ya mhimili wa mota yenyewe, ikazunguka mara 33 na theluthi, au 45, kwa dakika. Pasipo mkanda hapana cha kulegea. Mhimili hutaka tone la mafuta na usafi tu. Wapo wanaonishauri ninunue nyaya na miguu ya thamani. Fedha yangu hutanguliza sindano mpya, brashi laini, na mizani ya kupimia uzito wa sindano, maana hapo ndipo mashine iigusapo santuri.

Miongoni mwa santuri nizitunzazo zimo za Simba Wanyika. Wilson na George Kinyonga waliunda Arusha Jazz katika mji huu mwaka 1970, wakahamia Mombasa mwaka uliofuata, wakajiita jina hilo. Wote wawili wamekwisha fariki. Hawawezi kuimba tena kilichofutwa na uzembe wetu. Kupamba mashine ni hiari ya mwenye mali. Kuhifadhi sauti ni deni la msikilizaji.