Ghorofa ya Nne, Ngong Road
Kabla ya 2007, kazi yetu wabunifu wa Nairobi ilikuwa kupamba. Kampuni ikitaka tovuti, ilituita tuchague rangi, tupange picha, tuweke nembo. Nani angeitumia na angekwama wapi, hilo halikumo katika mkataba. Intaneti yenyewe ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua.

Ilipoanza M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, Machi 2007, ndipo macho yetu yalipofunguka. Ilikuwa imejaribiwa tangu Oktoba 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo. Walioijaribu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na waandaaji wakawa na busara ya kuwafuata. Haikuwa na picha wala rangi: menyu ya maandishi matupu ndani ya laini, iliyofanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa.

Nilikuwa napenda kusimama karibu na kibanda cha wakala, River Road, nikitazama. Mama anamkabidhi wakala noti zake, jina na namba ya kitambulisho vinaandikwa daftarini, anatia sahihi, kisha haondoki. Anasubiri ujumbe. Ukiingia anausoma, anamwonyesha wakala, ndipo anapumua. Miaka karibu ishirini imepita na bado naamini daftari lile la karatasi lilistahili sifa sawa na menyu. Watu waliozoea kumpa dereva wa basi bahasha ya fedha awapelekee nyumbani walihitaji kitu cha kushika na kusoma. Kabla 2007 haijaisha, wateja wa M-Pesa walikuwa wamepita milioni moja.

Hata hivyo sisi wabunifu tulikuwa tumetawanyika, kila mmoja na kompyuta yake, mpaka Machi 2010 iHub, kituo cha kukutanisha watu wa teknolojia, ilipofunguliwa ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka uliotangulia, na intaneti ya pale ilikuwa na kasi. Walikuwapo watu wa Ushahidi, waliotengeneza ramani ya ghasia za baada ya uchaguzi mapema 2008. Kwao tulijifunza kwamba raia mwenye hofu anaweza kutuma ujumbe mfupi, lakini fomu ndefu hataijaza. Tulikunywa kahawa na kukosoana. Ukileta skrini mpya, waandishi wa programu walikuuliza bila huruma kila kitufe ni cha nani. Ukali ule ulitulea. Baadaye ikaanzishwa maabara ya kujaribu programu na watumiaji wenyewe, na ufundi wetu ukaanza kuheshimiwa kama kazi kamili.

Wengi wa enzi ile sasa wanaongoza vitengo vya ubunifu katika mabenki na kampuni za simu, nami naona fahari. Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya vitengo hivyo humjua mtumiaji kwa chati tu. Ipo programu ya benki inayomzungusha mteja skrini baada ya skrini ili aone salio lake.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, kabla programu yenu haijatoka, ipelekeni Gikomba asubuhi soko likiwa limechangamka. Mpeni muuza mitumba mwenye simu ya kioo kilichopasuka, msimwelekeze chochote, kisha andikeni kila mahali anapokwama.