Wahami wa Bibokoboko: roketi si silaha tu, ni masomo pia

Baraka – Kwa wahami wengi wa Bibokoboko walioko Baraka, neno roketi lina maana moja: silaha. Tangu Oktoba 2021, wakati nyumba za huko juu zilipochomwa na watu wakashuka mpaka huku kando ya ziwa, kuna watoto waliojua kutofautisha milio kabla ya kujua kusoma. Mlio wa bunduki wanaujua. Mlio wa roketi wanaujua pia.

Ndiyo maana kijana mmoja wa huko, aliyemaliza sekondari katika sehemu ya hesabu na fizikia akiwa mhami, alizusha hofu siku aliposema nyumbani kwamba anataka kusomea roketi. Mama yake aliacha kuchambua maharagi. « Mwanangu, ni ile ile iliyotukimbiza? » Baba yake mdogo akamwambia neno hilo asilirudie mbele ya watu, wasije wakamdhania ni mtu wa vita. Hofu hiyo si ya bure. Katika Fizi kijana anaweza kuingia taabuni kwa sababu ya neno moja tu lililosikiwa vibaya.

Lakini kijana hakuzungumzia silaha. Alikuwa amesoma kwenye simu habari ya Mkongomani mwenzake, mhandisi Jean-Patrice Keka, aliyesomea ISTA, chuo cha ufundi cha Kinshasa. Keka na kampuni yake DTA walitengeneza roketi zinazoitwa Troposphere, na uwanja wao wa kuzirushia uko Menkao, mashariki ya Kinshasa. Roketi ya kwanza haikuruka. Tarehe 10 Julai 2007, Troposphere 2 iliruka na kufika kilomita moja na nusu hivi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Julai 2008, Troposphere 4 ilifika kilomita 15 kwa sekunde 47, kufuatana na taarifa ya wenyewe walioitengeneza. Mwaka 2009 Troposphere 5 ilibeba panya ndani yake. Hiyo ilipotea njia, ikaanguka, na panya hakupona.

Kijana aliwaeleza wa nyumbani habari hizo zote, na ya panya pia. Baba mdogo akauliza: « Sasa hiyo iliyoanguka, ndiyo unataka kusomea? » Kijana akajibu: « Ndiyo, baba. Wanasomea sababu gani imeanguka. »

Jibu hilo ndilo kiini cha masomo haya. Katika vyuo vikuu vinavyofundisha kutengeneza roketi, siku ya kurusha ni siku moja tu. Miezi mingine yote ni hesabu, michoro, kupima na kuandika. Mwanafunzi anaanza na sheria aliyoiandika Mwingereza Newton mwaka 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma. Mvuvi wa Baraka anaijua bila kitabu. Akiruka kutoka mtumbwini kwenda mchangani, mtumbwi unarudi nyuma. Roketi inatupa moshi na moto upande wa chini kwa nguvu, na yenyewe inakwenda juu.

Halafu wanajifunza uzito. Mafuta yanayobebwa ni mzigo pia, na mzigo huo unahitaji mafuta mengine ya kuupandisha. Mama aliyetembea siku mbili na gunia kichwani, akijiuliza abebe chakula cha njiani au sufuria, amekwisha kuipiga hesabu hiyo. Mrusi Tsiolkovsky aliichapisha kwa namba mwaka 1903, na wanafunzi wa leo bado wanaitumia.

Tatu, roketi isigeuke njiani. Uzito wake unapaswa kuelemea mbele, na mabawa madogo yakae nyuma, kama manyoya ya mshale. Kuna jaribio ambalo wanafunzi wanalifanya kwa kamba tu: wanafunga mfano wa roketi mahali unapolingana uzito, wanauzungusha hewani juu ya kichwa. Ikiwa ncha inatangulia, kazi ni nzuri. Ikiwa unayumba au unatanguliza mkia, wanarudi kwenye meza.

Nne, mota inafungwa chini kwanza. Hairuhusiwi kuruka. Wanaiwasha kutoka mbali, hakuna mtu karibu, na mashine inapima inasukuma kwa nguvu gani na kwa sekunde ngapi. Ikipasuka, imepasuka chini, mbele ya watu waliokwisha kujificha, na sababu inatafutwa. Mmarekani Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji tarehe 16 Machi 1926. Iliruka sekunde mbili na nusu, ikafika metre 12 hivi, na kuangukia shambani. Hata hivyo, roketi kubwa zilizofuata zilipita njia hiyo.

Hofu ya baba mdogo ina historia nyingine pia. Watu wa umri wake wanakumbuka kwamba roketi zilikuja Zaire kabla ya Keka. Kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilipata ruhusa ya Mobutu kutumia eneo kubwa sana huko Shaba, karibu na mto Luvua, katika jimbo ambalo leo ni Tanganyika na ambalo linapakana na Fizi upande wa kusini. Roketi yake ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ile ya Juni 1978, Mobutu mwenyewe akitazama, iligeuka na kuanguka. Nchi za nje zilishuku kwamba ni kazi ya kijeshi, na mwaka 1979 kampuni ilifukuzwa. Ardhi ilikuwa ya Wakongomani, lakini ujuzi uliondoka pamoja na wageni. Hapo ndipo kuna tofauti na Menkao: waliokosea ni watoto wa nchi, na walichojifunza kwa kosa hilo kimebaki nchini.

Jirani zetu pia wanaendelea. Kenya ilikuwa na uwanja wa Waitalia baharini karibu na Malindi, ambako satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Leo wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, huko Juja, wanatengeneza roketi zao ndogo katika mradi unaoitwa Nakuja. Moja ya kazi zao kubwa ni parashuti, ili roketi irudi chini polepole na itumike tena.

Mhami aliye Baraka atafanya nini na habari hizi? Kijana alianza na chupa ya plastiki ya soda, pampu ya baiskeli na kizibo cha mpira. Anatia maji mpaka theluthi moja, anasimamisha chupa kichwa chini kwenye miti mitatu, anapampu kwa mpira mrefu akiwa mbali. Hewa inasukuma maji chini, chupa inaruka. Hakuna moto wala baruti. Watoto wanasimama nyuma ya kamba, na hakuna anayeruhusiwa kuinama juu ya chupa iliyojaa hewa. Chupa ya kioo haitumiki kabisa.

Kabla ya siku hiyo alikwenda kumweleza mkubwa wa mtaa, na akawaambia majirani saa watakayosikia kelele. Jambo hilo halikuwa la heshima tu. Huko Menkao nako mtu harushi chochote bila wakubwa kujua, na mahali penye wahami, kishindo kisichotangazwa kinaweza kuwafanya watu wakimbie na kuacha watoto nyuma.

Kupima urefu, watoto walitumia kipimapembe cha shule, uzi na jiwe dogo. Mtoto mmoja alisimama hatua 30 kutoka pale. Alipoangalia chupa ikiwa juu kabisa, uzi ulionyesha digrii 45. Maana yake chupa ilifika hatua 30 kwenda juu, ukiongeza kimo cha mtoto mwenyewe. Msichana wa darasa la sita ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata jibu. Mama wa kijana alitazama mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini chupa ya pili ilikwenda kando? Kijana akamwonyesha bawa lililolegea.

Wazazi wanapaswa kuwakumbusha watoto neno hili kila siku: roketi ya somo inatoka mikononi mwa mwalimu, haitoki porini. Kitu cha chuma kilichookotwa shambani, njiani au katika nyumba iliyoungua hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakiletwi nyumbani. Weka alama mbali nacho, na uwaite wakubwa. Na hakuna mtoto anayepaswa kuchanganya unga wa baruti eti kwa sababu ameona kwenye simu.

Kwa upande wa masomo, mtu haanzi na roketi. ISTA ina sehemu za mekanika, umeme, elektroniki, hali ya hewa na usafiri wa anga. Anayetaka roketi anapitia moja ya milango hiyo. Inahitaji diploma ya serikali, na wahami wengi waliacha karatasi zao zikiungua. Mzazi ambaye bado ana buletini za mtoto wake azifunge katika plastiki, azipige picha kwa simu. Aliyepoteza aanze mapema kuuliza kwa wakubwa wa shule wanaomfahamu mtoto, maana hao nao wametawanyika.

Kijana bado hajapata pesa za safari ya Kinshasa. Kwa sasa anafundisha hesabu watoto wa wahami jioni, na daftari lake la chupa lina kurasa tisa: siku, maji kiasi gani, hewa kiasi gani, digrii ngapi, kosa gani. Baba mdogo ndiye aliyemnunulia daftari la pili.