Kijana wa dosye na mashini

Kijana wangu wa tatu alimaliza masomo ya sheria, na sasa anafanya staji kwa avoka mmoja hapa Bukavu. Staji ni miaka miwili. Kazi yake ni dosye: kusoma karatasi, kutafuta hukumu za zamani, kuandika, kusahihishwa, kuandika tena.

Juzi alirudi mapema. Nikamwuliza, “Vipi, baba, leo hakuna kazi?” Akajibu, “Papa, kazi ilikuwapo. Avoka ameipa mashini. Mimi ningeifanya siku mbili, yenyewe imeimaliza mara moja.” Alisema akicheka, lakini chakula hakukimaliza.

Mashini hiyo ndiyo iitwayo akili bandia. Ile ya ChatGPT ilitoka Marekani mwezi wa Novemba 2022. Mwaka 2023 benki ya Goldman Sachs ilikadiria ya kuwa kule Marekani sehemu 44 kwa mia za kazi za sheria zingeweza kufanywa na mashini za namna hii. Kukadiria si kuhesabu. Hata hivyo baba wa mwanasheria halali vizuri.

Ili kumtuliza, nikamsimulia habari ya New York. Mtu mmoja alishitaki kampuni ya ndege Avianca, akisema kigari cha chakula kilimgonga goti safarini mwaka 2019. Avoka wake, mwenye miaka zaidi ya 30 kazini, aliiomba ChatGPT hukumu za kumsaidia. Ikampa, zenye majina na namba. Avoka wa upande wa pili wakazitafuta, wasizione. Hukumu sita zilikuwa za uwongo mtupu. Tena yule bwana alikuwa ameiuliza mashini yenyewe kama ni za kweli, nayo ikasema ndiyo! Ni kama kumwuliza mwizi kama mbuzi ni wake. Juni 2023 hakimu aliwatoza avoka wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000.

“Unaona,” nikasema, “mtu atahitajiwa tu.”

Kijana akanitazama. “Papa, yule alikuwa na miaka 30 ya kazi, na bado alidanganyika. Mimi nitaijuaje hukumu ya uwongo, kama sikusoma za kweli nyingi?”

Nilinyamaza. Mimi ni seremala. Mwaka wa kwanza mwalimu wangu hakunipa kazi ila kupiga randa, nami nilimchukia kwa ajili hiyo. Leo mkono wangu unaujua ubao uliopinda kabla ya jicho. Kama angekuwa na mashini ya randa, angeniweka mimi wa nini?

Kesho yake kijana alimwomba avoka jambo moja: kila hukumu iletwayo na mashini, yeye aitafute kitabuni kwa macho yake. Avoka amekubali, ila posho haikuongezwa. Jana alirudi saa mbili ya usiku, akadai chakula kabla hajaketi. Hukumu mbili hakuziona katika kitabu chochote.